Pete Iliyoingia kwa Wepesi

Siku hizi nalala mchana. Zamani ningeona haya kulisema hilo mbele ya vijana, lakini mwili ukifika huku nilikofika mimi hauombi tena ruhusa. Nikishakula najinyoosha mkekani, barazani kwangu hapa Ipuli. Upepo wa kiangazi unapita na vumbi lake, na kabla usingizi haujanishika sawasawa nasikia injini. Si hizi pikipiki za barabarani. Ni injini kubwa ya dizeli, ya silinda mbili, inapumua mbali porini, taratibu, kama mtu anayetembea bila haraka huku akijua safari yake ni ndefu. Huwa sifumbui macho. Naisikiliza mpaka inachanganyika na ndoto.

Mjukuu wangu Neema, anayesomea ufundi wa mitambo, ndiye aliyeniomba niandike. Anasema wenzake darasani hawaamini kwamba tulikuwa tunabadilisha siti za valvu bila vipuri vya dukani na bila hizo mashine mnazoziona ninyi. Basi ninyi wenzake Neema, nawaandikia. Nitawaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na nitawaeleza pia jinsi nilivyoifanya vibaya, maana hiyo ya vibaya ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi.

Valvu ni kama uyoga wa chuma, ina shina jembamba na kofia bapa. Ndani ya silinda hedi, yaani kile kipande kizito kinachofunika injini kwa juu, kuna duara ambalo kofia ya uyoga huo inalikalia. Hiyo ndiyo siti. Valvu ikishakaa, haitakiwi ipite hata pumzi. Lakini inapigapiga mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, na siti inaliwa pole pole. Inapanuka, inachimbika, uyoga unazama. Hapo injini inaanza kupiga chafya. Asubuhi unazungusha hendeli mpaka bega linauma, na ikikubali kuwaka inatoa moshi mweupe na kunung'unika kama mtu aliyeamshwa kwa lazima.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sudi, msimamizi wa karakana ya serikali pale Tabora mjini. Alikuwa mtu wa mjini hasa. Mababu zake walifua chuma tangu wakati misafara ya pwani ikipita hapa na pembe zake, na yeye mwenyewe alitembea kwa namna ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa. Kanzu yake aliitundika kwenye msumari mlangoni, akavaa ovaroli, na akimaliza kazi anarudi kwenye kanzu bila doa hata moja la oili. Mimi, Mihambo, mtoto wa wakulima wa Kimoraviani, nilirudi nyumbani nikiwa mweusi mpaka kwenye masikio. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mke, na nilidhani najua.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Injini tulizokuwa nazo ziliachwa na Waingereza, nyingine zilikuwa kuukuu hata kabla hawajaondoka, na vipuri vyake havikuwa vikifika tena. Kwa hiyo pete za siti tulizikereza wenyewe. Tulichukua silinda zilizochakaa za malori, kwa sababu chuma chake kimeshazoea moto, tukazikata na kuzichonga kwenye keezo letu, mashine ya kukerezea vyuma iliyokuwa ikilia kama paka. Siti iliyoliwa tuliichimba kwa kisu cha duara, tukapata kitanda safi, halafu pete mpya ikalazwa humo.

Siri ya kazi iko kwenye kipimo. Pete inatakiwa iwe kubwa kidogo kuliko kitanda chake. Kidogo kiasi gani? Mzee Sudi alikuwa akishika kidevu chake, anang'oa unywele mmoja wa ndevu, anaubana kwenye maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, na kusema, "Hivi." Ndevu zake ndizo zilikuwa kipimo cha karakana. Tulikuwa tukitaniana kwamba siku atakayonyoa, Tabora nzima itasimama.

Pete kubwa haiingii kwenye tundu dogo kwa nyundo. Ukiilazimisha inapasuka, au inaingia upande. Unaipasha moto silinda hedi yote ili itanuke, na pete unaipoza ili isinyae, halafu unazikutanisha kwa haraka, kwa pigo moja tu. Zikirudi kwenye hali yake, zimekumbatiana. Baada ya hapo unakata ukingo wake mshazari, unaisaga valvu juu yake kwa dawa ya kusagia, unazungusha kwenda na kurudi kati ya viganja, kama mtu anayepekecha moto, mpaka ule mkwaruzo unageuka kuwa mnong'ono. Ukitaka kujua kama umefaulu, chora vistari vya penseli kuizunguka siti, ikalishe valvu, igeuze kidogo. Vistari vyote vikatike. Kisha geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye tundu lake, ukanywe kahawa. Mzee Sudi alikuwa akinywa vikombe viwili, anazungumza habari za watu waliokufa zamani, ndipo anarudi kutazama. Pakiwa pakavu chini, kazi imekwisha. Pakiwa na tone moja, anakuangalia tu, na unaanza upya.

Sasa nije kwenye Mtakuja.

Kijiji hicho kilikuwa magharibi ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara inayoshuka kuelekea ziwani. Njia hiyo bado ilionekana wakati ule, mfereji mpana uliokanyagwa na miguu ya watu wengi hata majani yakasita kuota. Watu waliletwa pale kutoka vijumba vyao vilivyotawanyika msituni, wakapangwa kwa mistari, wakaambiwa watapata shule, zahanati na maji. Shule na zahanati zilikuwa bado. Maji yalikuwepo, lakini yalikuwa chini sana, kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, na hayapandi bila pampu, na pampu haizunguki bila ile injini ya silinda mbili.

Msimamizi wa injini alikuwa mama mmoja, Mama Kalunde. Walimchagua kwa sababu alikuwa mtu wa kuamka. Alijifunza kuzungusha hendeli, kupima oili kwa kijiti, kujaza maji ya kupozea. Aliifuta injini ile kila siku kwa kitambaa alichokitenga, akaijengea kibanda cha nyasi ili jua lisiichome. Nilipofika mara ya kwanza nilimkuta amekaa pembeni yake anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inapiga chafya."

Sikuwa nimeuliza kitu. Aliweka ungo chini. "Tangu mwezi uliopita. Kwanza ilikuwa asubuhi tu. Sasa hata ikiwa imeshapata moto."

Aliyajua maradhi yake kuliko mimi. Nilifungua, nikakuta siti zimezama zote nne. Nikapakia hedi kwenye lori, nikamwambia siku tatu.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Pete tatu nilishaziingiza siku iliyotangulia, mbele ya macho ya Mzee Sudi. Ya nne ilinipasukia kwenye keezo asubuhi ile, nikaanza nyingine kwa kipande cha mwisho cha silinda kuukuu tulichokuwa nacho. Mzee Sudi alikuwa ameshavaa kanzu yake na kwenda msikitini. Dereva wa lori alikuwa nje anapiga honi. Joto la karakana lilikuwa linatetemeka juu ya bati. Nikamaliza kuikereza pete, nikaipima hapohapo, ikiwa bado moto wa kukerezwa. Ikanionyesha unywele mmoja kamili. Nikafurahi.

Ninyi mmeshaliona kosa. Chuma cha moto kimetanuka. Nilipoipoza, ikawa ndogo kuliko nilivyodhani. Nilipoiweka kwenye kitanda chake, ikaingia kwa wepesi. Haikudai hata pigo moja wala haikutoa ile sauti nzito ya chuma kupata mahali pake. Iliingia kama kifuniko kinavyoingia kwenye sufuria, na mkono wangu ukajua.

Nawaombeni mlishike hilo. Mkono wangu ulijua. Nilisimama pale pengine dakika nzima, nikawawazia watu wa Mtakuja wamekaa siku tatu bila maji ya pampu, nikasikia honi, nikawaza Mzee Sudi atasema nini akikuta kipande cha mwisho nimekiharibu. Nikachukua ncha ya chuma na nyundo, nikaigongagonga pete kuizunguka ukingo ili ibanwe. Ukitazama ilipendeza. Nikaisaga valvu, mafuta ya taa hayakuvuja. Jioni ile Mtakuja walipata maji, na watoto walikuja kucheza kwenye matope chini ya bomba.

Injini ilikwenda siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili pete ilichomoka ikiwa kazini. Valvu iliipiga ikavunjika, vipande vikaangukia ndani ya silinda, pistoni ikatoboka. Waliokuwepo walisema ulisikika mlio kama wa jiwe kwenye kinu, halafu kimya. Niliitwa. Nikaifungua injini mbele ya kamati ya kijiji, wamesimama wote kuizunguka, na Mama Kalunde amesimama nyuma yao kidogo, kitambaa chake mkononi. Nilipoinua hedi niliviona vile vipande. Kimoja kilikuwa bado na alama za ile ncha yangu ya chuma.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole tu ambaye wakubwa wa wilaya walikuwa wakimdai majibu, aliinama karibu nami.

"Fundi, mama huyu aliiacha ikakauka oili?"

Nikasema, "Huenda."

Ni neno dogo. Lilikuwa limeshatoka kabla sijalifikiria, na lilipotoka niliona kila mtu amepumua, kwa sababu sasa jambo lilikuwa na mwenyewe. Mama Kalunde aliniangalia, akaniangalia tena, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Walimnyang'anya hendeli siku ileile.

Yaliyofuata sikuambiwa, niliyaona mwenyewe, kwa kuwa nilitumwa huko mara mbili kupima na kuandika ripoti. Akina mama wa Mtakuja walianza kurudi kwenye visima vya makazi yao ya zamani. Walitoka alfajiri na ndoo, wakipita ile njia ya misafara, mstari mrefu wa khanga ndani ya vumbi, wakayeyukia kwenye miti. Siku moja niliwafuata. Ndani ya msitu nilikuta kuta za udongo zilizoanza kulainika, mafiga yaliyobaki mahali pake, mipapai inayozaa na hakuna wa kuchuma. Wanawake walizungumza kwa sauti ndogo kana kwamba humo ndani kuna mtu amelala. Mmoja aliingia kwenye nyumba yake isiyo na paa, akasimama katikati, akatoka. Wengine walikuwa wameanza kulala kulekule, na wakubwa walikuwa wanataka majina yao.

Mama Kalunde alichota maji mwisho, baada ya wote. Hakuna aliyemsemesha.

Niliishi na hilo zaidi ya mwezi. Nilikula, nilifanya kazi, nilicheka watu wakicheka. Msiniulize vipi.

Wakati huo macho ya Mzee Sudi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na aliomba apatiwe fundi wa kumsaidia. Akaletwa mkimbizi kutoka makazi ya Ulyankulu, mmoja wa wale ndugu zetu waliokimbia mauaji Burundi, kwa kibali cha wiki chache. Jina lake Barnaba. Alikuwa mrefu, amekonda, na kwao alikuwa fundi wa kiwanda cha kukoboa kahawa. Alivuka mpaka akiwa na mke na watoto wawili, bila hata spana moja. Kiswahili chake kilikuwa cha upole, kila neno aliliweka chini kwanza kabla ya kuchukua linalofuata.

Mzee Sudi alimkabidhi injini ya Mtakuja. Tulihitaji pistoni, na haikuwepo popote. Mimi nikakumbuka kwamba kwenye msitu, upande wa njia ya Usinge, kulikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao kilichoachwa zamani, na injini yake ilikuwa ya aina ileile. Tukapewa lori, tukaondoka asubuhi, mimi na Barnaba na dereva.

Safari ile hata leo sina uhakika nayo kama nina uhakika na mambo mengine. Miombo ilikuwa imetoa majani mapya, yale ambayo hutokea kabla ya mvua, mekundu kama shaba, na jua lilipopita juu yake hewa yote ikawa na rangi hiyo. Tulikwenda saa nyingi bila kukutana na mtu. Mizinga ya magome ilining'inia juu ya miti. Barnaba alitazama nje. Tulipofika, paa la kiwanda lilikuwa limeanguka, na injini ilisimama peke yake kwenye majani, mti mdogo umeota kati ya miguu yake. Ilikuwa inavuma.

Nilishika mkono wa Barnaba. Injini ilikuwa imekufa miaka mingi, na ilikuwa inavuma, sauti nyembamba isiyokatika. Tulisogea polepole. Nyuki walikuwa wamehamia ndani yake. Walikuwa wakiingia kwa bomba la moshi na kutoka kwenye tundu la hewa, wametulia, wana shughuli zao.

Dereva alirudi kwenye lori na kufunga vioo. Sisi tuliwasha majani mabichi, tukawafukiza, tukangoja. Tulipoinua hedi, silinda moja ilikuwa imejaa masega mpaka juu, na ile nyingine ilikuwa safi, na pistoni yake nzima, imepakwa nta isishike kutu. Barnaba alikata kipande cha sega kwa bisibisi, akala, akakaa juu ya gogo. Halafu akatoa mfukoni kile kipande cha pete chenye alama, ambacho kilirudi karakana pamoja na hedi, na Mzee Sudi, kwa macho yake yale, alikuwa amempa aone.

"Hii aliiweka nani?"

"Mimi."

"Ulipoiweka, uliisikia?"

Nilielewa anachouliza. Nyuki walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wanazunguka mahali nyumba yao ilipokuwa.

"Sikusikia kitu," nikasema. "Iliingia kwa wepesi. Nikajua, nikaigonga, nikaondoka. Halafu nikamwachia mama mmoja lawama."

Nilimweleza yote. Hakunishutumu wala hakunifariji. Alifuta bisibisi kwenye suruali yake.

"Basi tukereze nyingine," akasema. "Safari hii nitakuwepo. Ikishakaa, wewe utakwenda kusema."

Kwa Mzee Sudi nilikwenda siku ileile tuliporudi. Alinisikiliza amesimama. Akaniuliza, "Uliipima ya moto?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akavaa kanzu yake, akaenda zake nyumbani mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kesho yake aliniambia nitaosha vyuma vya wenzangu mpaka atakaposema vinginevyo. Niliviosha miezi mitano.

Pete mpya tuliikereza kutoka silinda ya ile injini ya msituni. Barnaba aliiacha usiku kucha juu ya sakafu ya saruji kabla ya kuipima, na hakunipa maikromita, alinipa niishike kwanza. "Imepoa?" Nikasema imepoa. "Sasa pima."

Moto tuliupata kwa Bi Zuhura, mke wa Mzee Sudi, aliyekuwa na tanuri la mikate nyuma ya nyumba yao. Alikubali kwa sharti tungoje mikate ya asubuhi itoke. Tukaiosha hedi kwa mafuta ya taa, tukaikausha, tukaisukuma ndani kwa koleo lake la mikate. Pete ilikuwa kwenye ndoo ya barafu, tuliyopewa na mwenye duka la soda, imefunikwa kwa pumba za mpunga isiyeyuke. Barnaba alinyunyiza maji kwenye hedi. Matone yalikaa na kufuka. Tukangoja. Aliponyunyiza tena, matone yalirukaruka na kukimbia kama watoto.

"Sasa."

Niliitoa pete kwenye barafu kwa koleo dogo, nikaishusha, nikaipiga kwa nyundo ya shaba mara moja. Ikasema. Ni sauti fupi, nene, ya chuma kufika chini, na huisikii kwa masikio tu, inapanda kwenye kiwiko. Barnaba alinitazama, mimi nikamtazama yeye, na Bi Zuhura akasema mikate yake ikinuka dizeli atatuletea sisi tuile. Ilinuka siku mbili. Tuliila.

Mtakuja tulifika siku ya mkutano wa kijiji. Niliomba niseme kabla injini haijafungwa, kwa sababu nilijiogopa. Niliogopa kwamba maji yakishatoka watu watafurahi, nami nitajificha ndani ya furaha yao. Nilisimama mbele yao. Sikuwa nimevaa kofia na jua lilikuwa kali, na naukumbuka mkutano ule kama kitu kilichoonekana kupitia maji, nyuso zote zinayumba.

Nikasema, "Injini haikukosa oili. Pete niliyoiweka mimi ilikuwa imelegea, nami nilijua. Mama Kalunde hana kosa. Niliposema huenda, nilisema uongo."

Mwenyekiti aliangalia chini. Kisha Mama Kalunde akainuka kutoka nyuma, akaja mbele taratibu, akasimama karibu kiasi kwamba nilimsikia anavyohema.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua, mama."

"Nikiwa nimesimama pale?"

"Ukiwa umesimama pale."

"Mimi nilikuwa nalala nikijiuliza," akasema. "Nikirudia kila siku moja moja. Jumatatu nilipima. Jumanne nilipima. Nikafika mahali nikaanza kukumbuka kwamba sikupima. Nikaanza kuiona hiyo siku, unaelewa? Siku ambayo haikuwepo. Hicho ndicho ulichonifanyia."

Akageuka, akamnyooshea mwenyekiti mkono, na mwenyekiti akamtuma mtu akalete hendeli.

Tulifunga pistoni na hedi, mimi na Barnaba, kijiji kizima kikitazama. Aliyezungusha hendeli ni Mama Kalunde. Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili ikakamata, ikatoa wingu moja jeusi, ikatulia, ikaanza ule mwendo wake, wa mtu anayetembea bila haraka. Ilichukua muda maji kupanda kutoka chini kule, na muda huo watu walisikiliza. Nikamtafuta Barnaba kwa macho. Alikuwa amekaa chini nyuma ya kibanda, mgongo wake ameuegemeza kwenye ukuta wa nyasi unaotetemeka, amefumba macho, machozi yanateremka. Nilipomsogelea alisema kwamba kiwandani kwao injini ilikuwa na sauti hii, na mke wake alikuwa akimpelekea chakula, na mke huyo alijua amekaribia kufika kwa namna sauti ilivyokua. Halafu maji yakatoka na kelele za watu zikafunika kila kitu.

Kibali cha Barnaba kilipokwisha alirudi Ulyankulu. Alianzisha karakana ndogo huko, na vijana wengi wa pale walipita mikononi mwake. Akina mama waliokuwa wamebaki kwenye makazi ya zamani walirudi Mtakuja, si wote. Mama Kalunde aliendelea na injini yake mpaka nywele zikawa nyeupe.

Na kila ilipohitaji kufunguliwa, alituma ujumbe karakana kwamba nije mimi. Miaka ilipita, walikuja mafundi hodari kunizidi, waliosoma hata nje ya nchi, naye alikataa. Alikuwa hanichangamkii. Ananisalimu, ananiwekea kiti, anakaa na kuangalia mikono yangu mpaka nimalize. Siku moja, nikiwa mtu mzima tayari, nilipata ujasiri nikamuuliza kwa nini ananitaka mimi, baada ya yote yale, na mji una mafundi wengi.

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho.

"Hao wengine siwajui," akasema. "Wewe ukikosea, utaniambia."